Makombo ya Stima

Miaka kumi na saba nimefundisha fizikia, na jambo moja ninalolijua kwa hakika ni hili: mtu anaweza kuambiwa kitu, akakiandika, akakikariri, akaonyeshwa kwa macho yake mawili, na bado asikiamini. Jumapili ile nilikuwa na ushahidi mezani. Karatasi arobaini na tano za Kidato cha Tatu, na swali la kumi na nne, swali la alama mbili za bure. Balbu tatu zinazofanana zimeunganishwa kwa mfululizo na betri. Ni ipi inayong'aa zaidi?

Zote sawa, jamani. Mkondo ni ule ule. Nilikuwa nimewafundisha hivyo mara tatu. Nilibeba betri na balbu hadi darasani, wakazitazama ziking'aa sawasawa, wakapiga hata makofi. Kisha watu thelathini na wanane wakaenda wakaandika kwamba inayong'aa zaidi ni ile iliyo karibu na betri. Eddie, ambaye ana mwandiko mzuri wa kukera, aliongeza sababu: "Inakula stima kwanza, halafu zile zingine zinapata makombo."

Inakula! Makombo! Niliikandamiza kalamu nyekundu hadi ikatoboa karatasi.

Hapo ndipo mlango ulipobishwa. Alikuwa Bedan, jirani yangu wa nyumba ya kumi na moja, mfanyakazi wa bohari moja kule Ruiru mjini, mtu mwema isipokuwa mbele ya televisheni yake.

"Mwalimu, mkutano umeanza. Landilodi ameshafika. Wewe ndio unangojwa, hii maneno ni ya stima."

Shule yangu iko Kamenu, Thika, lakini ninaishi Mwihoko. Nilihamia hapa nilipokuwa nikifundisha karibu na Githurai, na uvivu wa kuhamisha vitabu ukanibakiza. Ploti yetu ni nyumba kumi na mbili kwenye mstari mmoja, zikitazamana na ukuta. Mita kubwa iko getini, juu ya mlango wa nyumba ya kwanza. Kutoka hapo waya mmoja hupita chini ya mabati, ukigawia kila mlango njiani, na kila mlango una kimita chake kidogo ili kila mtu alipie anachotumia. Nyumba ya mwisho kabisa, ya kumi na mbili, ndiyo yangu. Nyumba ya kwanza ni ya Mbithe, ambaye sote tunamwita Mama Mwelu, na Mama Mwelu huoka keki.

Zile keki ndogo za vikombe vya karatasi, ndizo zake. Ana oveni ya umeme kubwa kama kabati, aliyoinunua baada ya mumewe kufariki, na vibanda vyote kutoka Mwihoko hadi Githurai vinamjua. Huoka alfajiri na huoka saa moja jioni. Oveni ikiwaka, harufu husafiri mlango hadi mlango, na ploti nzima hujua.

Shida ni kwamba saa moja jioni ndipo pia stima yetu hushuka. Balbu huwa nyekundu kama zimelia. Televisheni ya Bedan huzima katikati ya habari. Nyumba za mwisho ndizo huumia zaidi, na za mwanzo haziumii sana. Hata mimi, nikiwa bafuni nikioga baada ya vumbi la Thika, huiona balbu ikififia nikajisemea, haya, Mama Mwelu amewasha.

"Mimi nimelima kwa mfereji kule Kandara," Mzee Gichuru, mwenye ploti, alikuwa akisema nilipofika. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini. "Wa juu akifungulia maji shamba lake, wa chini halambi hata tope. Mama Mwelu ndiye yuko juu. Akishavuta yeye, nyinyi mnabaki na makombo."

Makombo! Nilikuwa nimetoka kulisoma neno hilo kwenye karatasi ya Eddie.

"Mzee, kwa heshima," nikasema. "Umeme si maji ya mfereji. Hauliwi. Hauishi njiani."

"Haya, Mwalimu," Bedan akasema. "Kama hauishi, TV yangu huwa inazimwa na nani saa moja?"

Watu wakacheka. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mwanamke ikinong'ona kwamba Mwalimu hawezi kusema kitu, si huyo ni mtu wa kwao. Ni kweli, Mbithe ametoka Yatta na mimi nimetoka Yatta. Hatuna undugu wowote, lakini neno hilo lilinichoma. Nilitaka waone kwamba sayansi haina kwao.

"Nitawaeleza," nikasema, na nikatumia sauti yangu ya darasani. "Mzigo mkubwa ukiwekwa kwenye waya mwembamba, volti hushuka. Waya wa hapa ni mwembamba. Na oveni ni mzigo mkubwa. Basi."

Kila neno hapo ni la kweli. Unaweza kulifungua kwenye kitabu chochote ukalikuta. Lakini hakuna aliyesikia habari ya waya. Walisikia neno moja.

"Mmesikia!" Bedan akaruka. "Mwalimu mwenyewe amesema ni oveni. Na ni mtu wa kwao!"

Mzee Gichuru akavaa kofia yake. Akasema yeye hataki vita katika ploti yake. Mama Mwelu aache oveni, au Jumamosi atafute pengine.

Mbithe hakulia wala hakubishana. Alisimama mlangoni pake na unga kwenye viwiko, akasema polepole, "Mzee, hiyo oveni ndiyo inalisha mtoto. Nikiiacha nitakula nini?" Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama, na mimi nikatazama mita.

Jumatano niliwarudishia Kidato cha Tatu karatasi zao, na nilikuwa na hasira za siku nne. Nikawaambia kwamba wao hukamata sababu ya kwanza iliyo karibu kama kuku anayedonoa chochote kilicho mbele yake. Nikawaambia kwamba kufundisha darasa lao ni kutwanga maji kwenye kinu. Walizoea. Waliinamisha vichwa wakingoja nichoke.

Isipokuwa Emmah. Emmah Waithira ni binti mfupi wa miwani ambaye hupigania nusu alama kama mtu anayepigania shamba.

"Mwalimu, mimi nilisema balbu ya mbali inakuwa dim. Umenipatia sufuri."

"Kwa sababu ni makosa."

"Lakini kwetu iko hivyo. Kwa ploti yetu hapa Kamenu, nyumba ya mwisho stima huwa ya kuchechemea. Nimeiona na macho."

"Ploti yenu si swali la kumi na nne."

"Sawa, lakini nimeiona. Wewe husema tuamini kitu tumeona."

Darasa likaguna kwa furaha. Ningeweza kumjibu vizuri. Badala yake nikamwambia kesho aje mbele aijenge hiyo ploti yao juu ya meza, tuone. Nilitaka aaibike, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi akaja amejiandaa. Kwenye maabara tuna jiko la koili lililokufa zamani. Alifungua koili yake, akainyoosha ikawa nyaya mbili ndefu nyembamba, akazilaza sambamba kwenye meza kama reli. Mwisho mmoja akafunga betri. Kisha akapachika balbu sita za tochi kati ya zile nyaya, moja baada ya nyingine kwa umbali, kama milango.

Akawasha. Balbu ya kwanza iling'aa vizuri. Ya pili ikang'aa kidogo tu. Ya sita ilikuwa kama moto wa sigara.

"Ehee!" Eddie akapiga meza. "Ya kwanza inakula! Mwalimu, si tulisema?"

Kelele zikawa za uwanja wa mpira. Nikagonga ubao hadi chaki ikakatika.

"Nyamazeni! Emmah ameona sawa. Sababu ndiyo mbovu. Mnasema ya kwanza inawala wenzake? Vizuri. Itoe. Kama ndiyo mlaji, wengine watashiba."

Emmah akaing'oa balbu ya kwanza. Darasa zima likainama juu ya meza. Zile tano hazikubadilika, au zilibadilika kwa kiasi ambacho hakuna jicho lingekiona. Ya mwisho ilibaki moto wa sigara.

Kimya. Nakipenda sana kimya hicho. Huja labda mara mbili kwa mwaka.

"Rudisha. Sasa toa ya mwisho."

Akaing'oa ya sita. Ya tano ikaamka. Ya nne ikaamka. Hata ya pili, kidogo.

"Mnaona?" Nilikuwa nimepata moto, mikono hewani. "Anayewasumbua wenzake si wa mbele! Wa mbele mkondo wake unapita kipande kifupi cha waya, basi. Ni wa mwisho! Mkondo wake unasafiri waya wote, tangu mwanzo hadi mwisho, na kila hatua unaishusha volti ya majirani. Mweke pale mwisho mtu mwenye mzigo mkubwa muone."

Nikafungua droo, nikatoa balbu ya taa ya pikipiki, nikaipachika mwenyewe mahali pa ya sita. Zote zikafa. Ya kwanza peke yake ndiyo iliendelea kung'aa.

"Huyo sasa ni nani, Mwalimu?" Eddie akauliza. "Anapika na nini huko mwisho?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Kisha nikaiona ile meza vizuri. Betri getini. Balbu ya kwanza, Mama Mwelu. Na kule mwisho kabisa, mlango wa kumi na mbili, mtu mwenye mzigo mkubwa.

Mimi siko na oveni. Niko na shawa ya umeme, ile ya kuchemsha maji papo hapo, ambayo mzigo wake ni mara mbili ya ule wa oveni ya Mbithe na zaidi. Niliiweka mwaka jana. Huiwasha alfajiri kabla ya kwenda Thika, na huiwasha nikirudi, saa moja jioni. Tofauti ni kwamba shawa haina harufu.

Nikaketi. Wakafikiri ni presha. Emmah aliniletea maji, na nilipokwisha kuyanywa akauliza kama sasa atapata zile alama mbili.

Jioni ile nilirudi nyumbani harufu ya keki ikiwa imejaa ploti. Balbu yangu iling'aa bila wasiwasi. Nikaingia bafuni nikiwa na nguo zangu zote, nikawasha shawa. Balbu ikawa nyekundu. Ng'ambo ya ukuta televisheni ya Bedan ikanyamaza, na Bedan akapaza sauti, "Huyu mama tena!" Nikazima. Televisheni ikarudi. Nikawasha. "Huyu mama!" Nikazima. Nilirudia mara tatu, kama tunavyowafunza watoto kurudia vipimo, na mara zote tatu Bedan alimtukana mtu ambaye hakuwa na kosa.

Nikatoka nimwambie. Wallahi nilitoka. Bedan alikuwa mlangoni pake na rimoti mkononi.

"Umeona, Mwalimu? Ni vile tu ulisema. Anawasha anazima, anawasha anazima, ni kama anatuchezea."

"Nimeona," nikasema.

Ni hilo tu nililosema. Nikarudi ndani nikafunga mlango. Nimewaita watoto wa watu wapumbavu kwa miaka kumi na saba, kwa makosa madogo kuliko hilo, na usiku huo niliona haya hata kujitazama kwenye kioo cha kabati.

Ijumaa nikapata mpango wa mwoga. Sikuwasha shawa. Niliosha uso na miguu kwa maji ya baridi, nikakaa kitandani nikisikiliza. Saa moja ikafika. Harufu ya keki ikaja. Balbu hazikutikisika, na televisheni ya Bedan ilisema habari tangu mwanzo hadi hali ya hewa. Nikajipongeza. Sasa wataona wenyewe, oveni inawaka na stima iko imara. Mwenye macho haambiwi tazama. Tatizo limekwisha na hakuna aliyehitaji kujua.

Kisha nikamsikia Bedan nje, akiongea na wenzake.

"Mnaona leo? Ameogopa. Anavuta kidogo."

"Kumbe anaweza kupunguza!"

"Alikuwa anaweza siku zote! Ni madharau tu. Mzee asimwachie nyumba hata akiomba."

Nilitaka kupiga kichwa ukutani. Nimewapa jaribio safi kuliko lolote nililowahi kulifanya maabara, na wameligeuza likawa ushahidi dhidi yake. Oveni ikiwaka na stima ishuke, ni Mbithe. Oveni ikiwaka na stima isishuke, ni Mbithe tena. Utamfanyia nini mtu wa namna hiyo? Nami ndiye niliyewafundisha, kwa sauti ya darasani.

Jumamosi asubuhi nilisikia mkokoteni ukigonga geti. Nikatoka. Oveni ilikuwa tayari juu yake, imefungwa kwa kamba, na kando yake godoro, sufuria na begi la shule la Mwelu. Mbithe alikuwa akikunja pazia. Mzee Gichuru alisimama na funguo mkononi, na majirani wako milangoni, kila mmoja akijifanya anafua.

"Mzee, ngoja!" Sauti ilinitoka kabla sijajipanga. "Msimtoe. Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Niliwaambia ni oveni. Si oveni."

"Haiya," Mzee akasema. "Jumapili ni oveni, Jumamosi si oveni. Mwalimu Kyengo, sayansi yako inabadilika na hali ya hewa?"

Watu wakacheka. Nilijua nikianza kueleza nimekwisha. Nimejaribu kueleza maisha yangu yote. Nikawaomba kitu kimoja tu: kila mtu arudi kwake, awashe balbu, awashe televisheni, kisha asimame mlangoni atazame. Kwa vile ilikuwa Jumamosi na hakuna aliyekuwa na haraka, wakakubali. Tukaishusha oveni na mwenye mkokoteni, tukaiingiza mlangoni kwa Mbithe, nikaichomeka.

"Washa, Mama Mwelu. Hadi mwisho."

Akawasha. Tukangoja. Oveni ikapata joto, ikaanza kunuka keki za jana.

"Kwa nani imeshuka?" nikaita. "Bedan?"

"Bado," Bedan akajibu kutoka nyumba ya kumi na moja, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Kuna yeyote?"

Hakuna.

"Sasa ngojeni."

Nilitembea kutoka nyumba ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Si mwendo mrefu. Nilipita milango yote, watu wakinitazama, hadi nikafika kwangu. Nikaingia bafuni. Nikawasha shawa.

Ukelele ulianzia kwa Bedan. "Imezima! TV imezima!" Kisha ya kumi: "Na yangu!" Ya tisa. Ya nane, balbu nyekundu. Ya tano, "Ngai, tazama!" Kelele zikawa zinapungua kadiri zinavyoelekea getini, hadi nyumba ya kwanza, ambako Mbithe alisimama kando ya oveni yake na balbu ilikuwa vile vile.

Nikazima. Ploti nzima ikang'aa. Nikawasha tena ili pasiwe na shaka. Nilipotoka nje walikuwa wamejaa mlangoni pangu, Bedan mbele, wakiichungulia ile shawa kama joka.

"Kumbe," Bedan akasema polepole. "Kumbe ni Mwalimu anakula stima yetu."

"Hailiwi!" Niliruka. "Hakuna anayekula! Ni waya. Mzee, waya wako ni mwembamba na ni mrefu, na ni hatari pia, siku moja utashika moto. Mzigo ukiwa mwisho wa waya..."

"Waya uko hapo miaka tisa," Mzee Gichuru akasema. "Haujawahi kulalamika."

"Lakini ako mwisho," mtu akauliza. "Wa mwisho atakulaje ya wenye wako mbele?"

"Ananyonya," Bedan akamweleza, kwa subira, kama mwalimu. "Hiyo shawa inanyonya na nguvu. Ni kama soda na mrija. Yeye yuko chini, anavuta yote inamkujia, sisi katikati tunakauka. Nyani haoni kundule! Na alikuja kwa mkutano akatuhutubia!"

Wakaguna kwa kuridhika. Mrija! Walikuwa wametoa mfereji wakaingiza mrija. Nilitafuta chaki mfukoni, na ilikuwepo, huwa ipo siku zote, nikageukia ukuta ili nichore waya, milango na mishale. Mkono ukanishika kwenye mkono wa shati.

"Mwalimu," Mbithe akasema chini. "Nyamaza."

"Lakini wamekosea, Mama Mwelu. Wamekosea tena!"

"Jumapili ulisema ukweli, nikafukuzwa. Leo wakikosea hivi, mimi nabaki." Vidole vyake vilikuwa na unga hata siku ya kuhama. "Waache."

Nilisimama na chaki yangu. Sidhani kama nimewahi kufanya jambo gumu kuliko hilo mbele ya watu. Niliwasikia wakielezana habari ya mrija, kila mmoja akiongeza lake, nami nikairudisha chaki mfukoni.

"Ni mimi," nikasema kwa sauti. "Ni mimi nilikuwa nakula stima yenu. Mnisamehe."

Mzee Gichuru mwenyewe ndiye aliyeleta spana, akaing'oa shawa. Kuhusu waya alisema ataona akipata fundi, na ninajua maana ya maneno hayo, kwa hivyo nitamsumbua kila Jumapili hadi anichukie. Mkokoteni uliondoka mtupu. Watoto wa ploti walikuwa na jina jipya kabla ya saa sita mchana, na hadi leo nikipita husikia nyuma yangu, "Mla Stima, niaje!"

Jumatatu alfajiri nilikuwa jikoni nikipigana na stovu ya mafuta taa iliyokataa kuwaka, niyapashe angalau lita mbili, mlango ulipobishwa. Alikuwa Mbithe, amejifunga leso, na nyuma yake harufu ya keki.

"Lete ndoo yako."

"Ya nini?"

"Nimenunua hita, ile ya kutumbukiza kwa maji. Utakuwa unachemshia kwangu."

"Mama Mwelu, tafadhali. Nimetukanwa vya kutosha. Stima ikishuka tena..."

"Kwangu?" Akanitazama kama mimi ninavyomtazama Eddie. "Niko karibu na mita. Kipande changu cha waya ni kifupi. Nitamsumbua nani? Si ndivyo ulikuwa unataka kuchora pale ukutani?"

Sikuwa nimechora chochote. Nilibaki nimeshika kiberiti. Watu arobaini na tano darasani, milango kumi na miwili hapa, miaka kumi na saba, na aliyeelewa ni yule niliyekuwa karibu kumtoa nyumbani kwake.

"Alama mbili," nikasema. Ni hilo tu lililokuja.

"Sijakusamehe," akasema. "Lakini maji yatakuwa moto."

Akachukua ndoo, akaenda nayo. Baada ya dakika ishirini nilimfuata kuichukua. Nikarudi nayo ikifuka mvuke, nikipita milango kumi, na kwa Bedan nikasimama kidogo kutazama dirisha. Balbu ilikuwa inang'aa vizuri. Alikuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo akipiga mbinja, na hakujua kwamba kuna mtu ameshachemsha maji ya kuoga.